Maisha ya Bibi Hetty Green: Urithi wa Makaratasi



Mwaka huu tumetimiza miaka 10. Kwanza tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha hapa, na tunawakumbuka wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Katika kijitabu hiki mtaona taarifa ya mhazini, majina ya waanzilishi na historia ya sanduku letu la funguo tatu. Sisi tuliombwa kuandika maisha ya mtu maarufu wa zamani, ambaye tukimsoma tutapata jambo la kufanyia kazi. Wapo waliomtaja Bibi Titi Mohamed, na kweli anastahili. Lakini mwishowe tulimchagua mwanamke wa mbali, Mmarekani, aliyefariki mwaka 1916. Mtashangaa. Hebu kwanza tuwaeleze sababu.

Wengi mnakumbuka msiba wa mwenzetu aliyefiwa na mume miaka mitatu iliyopita. Baada ya arobaini alifungua sanduku la nguo la marehemu, akakuta bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na hati za hisa za kampuni na karatasi za hati fungani za serikali. Nyumba nzima hakuna aliyejua. Shemeji zake walidhani ni risiti za zamani, zikaponea chupuchupu kuwashiwa moto wa takataka. Kisha ikaja safari ya kuzunguka maofisi. Ofisi moja ilimrudisha mara nne kwa sababu jina la marehemu kwenye hati lilikuwa na herufi moja tofauti na lile la kwenye cheti cha kifo. Nauli zilikwisha, tukamchangia. Mali aliipata, lakini ilimchukua mwaka mmoja na zaidi.

Baada ya hapo tulikubaliana kila mmoja aandike kwenye daftari la kikundi majina ya warithi wake. Tupo wanachama 30. Mpaka tunaandika haya, 11 hawajajaza. Wengine wanasema kuandika hivyo ni uchuro, ni kuita kifo. Ndipo binti wa mwanachama mmoja, ambaye yuko chuo, alipotusimulia maisha ya Bibi Hetty Green. Tulimsikiliza Jumamosi tatu mfululizo, tukaona yafaa yaandikwe.

MTOTO ALIYESOMA BEI KWENYE GAZETI

Hetty alizaliwa tarehe 21 Novemba 1834 katika mji wa New Bedford, jimbo la Massachusetts, Marekani. Jina lake la kuzaliwa ni Henrietta Howland Robinson. Mji ule uliishi kwa nyangumi. Wakati huo mafuta ya taa hayajaanza, na mafuta ya nyangumi ndiyo yaliyowasha taa za matajiri. Meli za huko zilizunguka bahari zote, mpaka Bahari yetu ya Hindi, na nyingine zilikuwa zikitia nanga Unguja kuchukua maji na chakula. Tena pande hizo hizo za Massachusetts ndiko ilikotoka nguo ya merikani waliyoivaa bibi zetu. Kwa hiyo si mbali sana kama tunavyofikiri.

Ukoo wa mama yake, akina Howland, walikuwa na meli nyingi na fedha nyingi. Walikuwa watu wa dhehebu la Quaker. Dhehebu hilo lilifundisha kuvaa nguo za kawaida, kutojionyesha, na kutotapanya. Baba yake, Edward Robinson, aliingia katika biashara ya ukoo huo kwa kuoa. Alipata mtoto wa kiume akafa angali mchanga. Akabaki Hetty peke yake.

Mtoto huyu alikaa sana kwa babu yake na kwa mama yake mkubwa, Sylvia Howland, ambaye hakuolewa na alikuwa mgonjwa maisha yake yote. Macho ya babu yalikuwa hayaoni vizuri, basi Hetty akiwa na miaka 6 tu alikuwa akimsomea gazeti, na hasa ule ukurasa wa bei za hisa na hati. Alipokuwa na miaka 8 alijifungulia akaunti benki. Alipofika miaka 13 ndiye aliyekuwa akiandika hesabu za nyumba.

Hapa tusimame kidogo. Ni wangapi kati yetu tunamruhusu mtoto wa kike afungue daftari letu la hesabu? Huyu alipewa kazi hiyo akiwa mdogo kama watoto wetu wa darasa la kwanza. Kabla ya kurithi fedha alirithi kwanza ujuzi, na ujuzi haukugombewa na mtu.

MISIBA MIWILI MWAKA MMOJA

Mama yake alifariki mwaka 1860. Katika mali ya mama, Hetty alipata sehemu ndogo tu, kubwa ikabaki mikononi mwa baba. Kisha ukafika mwaka 1865. Mwezi wa Juni baba akafariki. Mwanzoni mwa Julai, hata mwezi haujaisha, mama mkubwa Sylvia naye akafariki. Hetty alikuwa na miaka 30, hajaolewa, na sasa hana mzazi wala ndugu wa tumbo moja.

Baba aliacha karibu dola milioni 6, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Watu walisema mtoto amepata bahati. Lakini wosia ulipofunguliwa, mambo yakawa mengine. Kama milioni moja tu ndiyo aliyoachiwa mkononi mwake. Hizo nyingine, karibu milioni 5, ziliwekwa chini ya wadhamini, yaani wanaume walioteuliwa kuzisimamia. Wao ndio wa kuamua hisa ipi inunuliwe na ipi iuzwe. Hetty kazi yake ni kupokea faida. Mtaji hawezi kuugusa.

Ndugu, jambo hili lilimwuma mpaka anakufa. Yeye ndiye aliyesoma bei tangu utoto, ndiye aliyejua hesabu, halafu anawekewa walinzi kama mtoto mdogo. Kwa nini? Kwa sababu ni mwanamke. Lakini tuseme na upande wa pili, maana haki ni pande zote. Wosia ule ule wa baba uliandika kwamba fedha hizo ziwe mbali na madeni ya mume yeyote atakayemwoa, wala mume asiziingilie. Kwa hiyo kamba aliyofungwa ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kumlinda. Tutaiona huko mbele.

KESI YA UKURASA WA PILI

Mama mkubwa Sylvia aliacha kama dola milioni 2. Hetty aliamini zote ni zake. Kumbe wosia wa mwaka 1863 ulisema vingine. Karibu nusu iligawiwa kwa watu mbalimbali, kwa mji na kwa kazi za huruma. Nusu iliyobaki iliwekwa chini ya wadhamini. Hetty ale faida akiwa hai, na siku akifa mtaji usiende kwa watoto wake, bali ugawiwe kwa wazao wote wa babu yake Sylvia.

Hetty hakukubali. Alitoa wosia mwingine wa zamani zaidi uliompa karibu kila kitu, ukiwa na ukurasa wa pili uliosema wosia wowote wa baadaye usihesabiwe. Msimamizi wa mirathi, Thomas Mandell, akakataa kuutambua, na upande wake ukasema sahihi ya ukurasa ule imeghushiwa. Wakaenda mahakamani.

Kesi hiyo inasomwa na wanasheria na watu wa hesabu mpaka leo. Waliitwa wataalamu wengi wa kupima mwandiko. Mmoja alikuwa profesa wa hesabu wa chuo cha Harvard, Benjamin Peirce, pamoja na mwanawe Charles. Walichukua sahihi 42 za marehemu, wakazilinganisha mistari yake 30 ya kushuka, wakaona ile ya kwenye ukurasa wa pili inalala sawasawa juu ya sahihi nyingine, kama mtu aliyeweka karatasi juu ya karatasi akafuatisha. Profesa akaiambia mahakama kwamba jambo hilo kutokea lenyewe ni mara moja katika mara 2,666 zikifuatiwa na sifuri 18. Sisi tuliosoma darasa la saba hatuwezi hata kuitamka namba hiyo. Upande wa Hetty nao ukaleta wataalamu wake waliosema mtu mmoja anaweza kuandika sahihi zinazofanana kabisa.

Mwaka 1868 mahakama iliamua. Na haikuamua juu ya sahihi. Ilisema sheria haimruhusu Hetty kuwa shahidi katika kesi ya mali anayoidai yeye mwenyewe, na bila ushahidi wake madai hayasimami. Akashindwa. Mahakama haikutamka kwamba alighushi, wala kwamba hakughushi. Lakini neno likishasemwa halirudi. Maisha yake yote watu waliendelea kunong'ona.

Sisi hatuko hapa kumhukumu. Tunachoona ni kwamba shangazi, mjomba, mama mkubwa, mtu yeyote mwenye mali akinyamaza, akamwachia kijana wake aamini jambo lisilo la kweli, akifa huacha vita. Sylvia alipokuwa hai angemwita Hetty na mashahidi wawili, akamsomea wosia, pengine kesi isingekuwapo.

MUME NA FEDHA, KILA KIMOJA NA MFUKO WAKE

Tarehe 11 Julai 1867, kesi ikiwa bado inaendelea, Hetty aliolewa na Edward Green, mfanyabiashara wa mji wa Bellows Falls, jimbo la Vermont, aliyekuwa amefanya biashara miaka mingi huko Ufilipino. Kabla ya harusi walikubaliana kwamba mali ya mke ni ya mke. Wakaenda kuishi London. Huko walipata watoto wawili, Ned mwaka 1868 na Sylvia mwaka 1871, aliyepewa jina la yule mama mkubwa.

Hapo ndipo Hetty alipoanza kuzalisha urithi wake. Serikali ya Marekani ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ili kulipia vita ilikopa kwa wananchi kwa kuuza hati fungani, na ilichapa noti ambazo haikuahidi kuzibadilisha kwa dhahabu. Watu wakaingiwa na wasiwasi. Wakati wa vita noti ya dola moja iliwahi kushuka chini ya senti 50 za dhahabu. Hetty aliamini serikali italipa. Wengine walipouza kwa hofu, yeye alinunua. Na kweli, kuanzia mwaka 1879 serikali ilizipokea noti zile na kuzilipa kwa dhahabu, dola kwa dola.

Kanuni yake ilikuwa rahisi, na mama muuza mahindi anaielewa. Nunua wakati kimejaa sokoni na hakuna anayekitaka, weka ghalani, uza wakati wanakililia. Alinunua hati za serikali, hati na hisa za reli, viwanja, na alikopesha kwa rehani. Hakununua kwa fedha za kukopa. Na daima aliweka akiba ya fedha taslimu, ili siku ya shida awe yeye anayekopesha, asiwe anayekopa.

Na tofauti yenyewe tuikumbuke, maana katika kikundi wengine bado wanachanganya. Hisa ni kipande cha kampuni. Ikipata faida unapata gawio, ikianguka unaanguka nayo. Hati fungani ni deni. Wewe ndiye umekopesha, unalipwa riba kwa tarehe zake, na muda ukiisha unarudishiwa fedha yako. Hati nyingi za wakati wa Hetty zilikuwa mali ya aliyezishika mkononi, na pembeni zilikuwa na vipande vidogo vya kukata kwa mkasi na kupeleka benki kuchukua riba. Ukipoteza karatasi, umepoteza fedha. Ndiyo maana alizunguka na masanduku.

BENKI ILIYOANGUKA

Miaka ya 1870 familia ilirudi Marekani, wakakaa Bellows Falls nyumbani kwa mume. Hetty aliweka fedha na hati zake katika nyumba moja ya benki ya New York iliyoitwa John J. Cisco & Son. Alikuwa na zaidi ya dola 500,000 taslimu, na hati za mamilioni mengi zimelala pale.

Januari 1885 benki ile ilianguka. Hetty alipotaka mali yake, akaambiwa jambo asilolijua. Mume wake alikuwa amekopa pale zaidi ya dola 700,000, na benki ilikuwa imempa mkopo ikitegemea kwamba mke ni tajiri. Wakazuia hati za mke mpaka deni la mume lilipwe.

Jamani, hii mnaijua. Tunayo hapa mtaani kwetu, sura ndiyo tofauti. Hetty alibishana, akalia, mwishowe akalipa ili atoe mali yake. Kisha akapakia makaratasi yake yote kwenye gari la farasi akayahamishia Chemical National Bank. Na mume wakatengana. Lakini zile fedha za baba zilizokuwa chini ya wadhamini hakuna aliyeweza kuzigusa. Ile kamba iliyomwuma miaka 20, siku hiyo ilikuwa ukuta wa nyumba yake.

Tuongeze kwamba hakumtupa mumewe moja kwa moja. Baadaye walipatana, na alipokuwa mgonjwa Hetty alimwuguza mpaka alipofariki mwaka 1902.

KUITWA MCHAWI

Kule Chemical Bank alipewa mahali pa kufanyia kazi. Alikuwa akikaa katikati ya masanduku yake, akikata vile vipande vya riba, akisoma barua, akikopesha watu wakubwa. Alivaa gauni jeusi lililochakaa. Aliishi vyumba vya kupanga vya bei nafuu, mara Brooklyn, mara Hoboken ng'ambo ya mto. Wakati huo wanawake hawakuwa wanachama wa soko la hisa la New York. Mwanamke wa kwanza kupata kiti pale aliingia mwaka 1967, miaka 51 baada ya Hetty kufa. Hata haki ya kupiga kura kwa nchi nzima wanawake wa Marekani waliipata mwaka 1920, yeye keshazikwa.

Magazeti yakampa jina: Mchawi wa Wall Street. Wall Street ndio mtaa wa mabenki na soko la hisa. Wanaume matajiri wa wakati wake, ambao wengine walitajirika kwa hila na rushwa, waliitwa wafalme wa biashara. Yeye aliyeweka akiba akaitwa mchawi. Sisi tunaotoka katika nchi ambayo bibi kizee mwenye macho mekundu au mwenye mali anaweza kuuawa kwa jina hilo, hatuwezi kulicheka.

Lakini hatutaki kumfanya malaika. Ubahili wake ulizidi. Kuna habari za mguu wa mtoto wake Ned, ulioumia alipokuwa mdogo. Inasimuliwa kwamba mama alimpeleka katika kliniki za bure za maskini ilhali ana mamilioni, akatambuliwa akakataliwa. Mguu haukupona, na Ned alipokuwa kijana ulikatwa. Wapo wanaosema Hetty alihangaika sana na mguu ule, akamwuguza kwa mikono yake, na watu wameongeza chumvi. Hayo hatuwezi kuyaamua sisi. Tunachojua ni kwamba mguu haurudi, na akiba isiyotoka siku mtoto anapougua imesahau kazi yake. Ndiyo maana kikundi chetu kina mfuko wa jamii, na fedha zake hazingoji mwisho wa mzunguko.

Upande wa kukopesha, mwaka 1907 ulipotokea msukosuko mkubwa wa fedha New York, mabenki yakitikisika, Hetty alikuwa na fedha taslimu kwa sababu alikwisha kuona dalili mapema. Serikali ya jiji la New York ilikopa kwake dola milioni 1.1, akapokea hati za jiji. Mji mzima mkubwa namna ile ulibisha hodi kwa mama wa gauni jeusi.

ALIVYOWAANDAA WATOTO

Hapa ndipo tunapomsifu zaidi. Hetty hakungoja afe ndipo watoto wajue. Ned alipomaliza masomo alimpa kazi ngumu, kukusanya kodi na kukagua viwanja, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 akampeleka Texas kusimamia reli ndogo waliyoinunua. Kijana hajafika hata miaka 25 akawa rais wa kampuni ya reli. Alikosea, akajifunza, mama akiwa hai wa kumwuliza. Hetty alipozeeka, Ned alirudi New York kumsaidia kusimamia makaratasi.

Binti yake Sylvia alipoolewa mwaka 1909 na Matthew Astor Wilks, bwana aliyemzidi umri sana, Hetty alihakikisha mkwe anatia sahihi kwamba hataidai mali ya mke wake. Yaliyompata mwaka 1885 hakutaka yampate mwanawe.

Tarehe 3 Julai 1916 Hetty Green alifariki New York akiwa na miaka 81. Alizikwa Bellows Falls kando ya mumewe. Mali yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 100 au zaidi, na watu walimtaja kuwa mwanamke tajiri kuliko wote Marekani. Wosia wake haukuwa na fumbo. Aliwagawia watoto wawili sawa kwa sawa, wa kiume na wa kike. Kesi ya ndugu kugombana haikuwapo.

Na ule mtaji wa mama mkubwa? Ulikuwa ukingoja tangu 1865. Hetty alipokufa ukagawiwa kama Sylvia Howland alivyoandika, kwa wazao wa babu yake. Kwa miaka 51 wazao walikuwa wameongezeka mpaka wakafika mamia, wametawanyika kila mahali, na kikaandikwa kitabu kizima cha kuonyesha nani ni mrithi. Karatasi iliyoandikwa vizuri ilitimizwa hata baada ya nusu karne.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Ned alifariki mwaka 1936 bila mtoto. Yeye aliishi kwa anasa, akawa na nyumba katika majimbo mbalimbali, na hakuweka wazi kwake hasa ni wapi. Mali yake nyingi ilikuwa hisa na hati. Majimbo manne, Texas, Florida, New York na Massachusetts, kila moja likasema marehemu ni mkazi wake na kodi ya urithi ni yake. Ukijumlisha madai yote pamoja na kodi ya serikali kuu, yalizidi mali yenyewe. Ilibidi Mahakama Kuu ya nchi iingilie, na mwaka 1939 ikaamua ni Massachusetts. Jambo la kuandika mstari mmoja, makazi yangu ni mahali fulani, lilichukua karibu miaka mitatu na mawakili wengi.

Mali ya Ned ikaenda kwa dada yake. Sylvia naye alifariki mwaka 1951, hana mtoto. Aliacha wosia uliogawa sehemu kubwa ya mali kwa hospitali, shule, maktaba na makanisa kwa makumi. Basi zile karatasi za Hetty, zilizobanwa kwa miaka 50, mwisho zikawa vitanda vya wagonjwa na vitabu vya watoto wa watu wengine.

SISI TUNACHUKUA NINI

Ndugu wanachama, ng'ombe akiachwa, mrithi anamwona zizini. Shamba analiona kwa mipaka. Hisa na hati fungani hazilii wala hazina mpaka. Siku hizi hata karatasi zenyewe zimepungua, majina yamo kwenye kompyuta. Kama hujasema unazo, mtoto wako atapita mbele ya jengo la kampuni ambayo kipande chake ni chako, na hatajua.

Yaliyomsumbua mwenzetu tumejifunza kwa vitendo, tunayaweka hapa. Mtu akifariki, hisa zake hazichukuliwi na yeyote kwa kuwa tu ni mke au kaka. Familia inakaa kikao cha ukoo, kinaandikwa muhtasari na kumpendekeza msimamizi wa mirathi. Msimamizi anakwenda mahakamani na cheti cha kifo, anathibitishwa na kupewa hati. Akiwa na hati hiyo ndipo anapokwenda kwa dalali wa soko la hisa au benki, na jina linabadilishwa. Msimamizi si mwenye mali, ni mgawaji. Wenzetu Waislamu wanajua kwamba mirathi ina mafungu yake, na wosia hauzidi theluthi moja. Kila mmoja afuate njia yake, lakini kila mmoja aandike anacho nini na kiko wapi, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye vyeti, herufi kwa herufi.

Hetty aliogopa mambo mengi. Aliogopa wezi, aliogopa mawakili, aliogopa hata kuwekewa sumu. Lakini kuandika wosia hakuogopa, na aliishi miaka 81. Basi uchuro uko wapi?

Jumamosi ya sherehe, kabla ya keki na ngoma, daftari la warithi litakuwa mezani pamoja na kalamu, karibu na sanduku. Wale 11 tunawaomba, kwa heshima na mapenzi, wapitie hapo kwanza. Asiyejua kuandika vizuri, katibu atamsaidia, na hakuna atakayesomewa jina hadharani. Tungependa taarifa ya mwaka wa 11 isome wanachama 30, waliojaza 30.

 

Mwenyekiti, kwa niaba ya uongozi